Mkojo Wako wa Asubuhi

Athieno, binti yangu,

Leo nimefunga kibanda mapema. Unga uliobaki nimeufunika, makaa nimeyamwagia maji, na wateja wawili waliochelewa nimewaambia chapati zimeisha ingawa walikuwa wanaziona kwenye sahani. Wewe uko Mukuju kumuaga nyanya yako, na mama yangu namjua, hatakuachilia kabla hujala mpaka ushindwe kupumua. Kwa hiyo nina muda peke yangu nyumbani, nami nimekaa kuandika yale ambayo jana tulishindwa kuyasema bila kupayukiana.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulelea. Mama yako Msamia wa ng'ambo ya Kenya, mimi Mpadhola, na mpaka huu wa Busia ulitukutanisha kwa Kiswahili cha sokoni. Cha kwake kizuri kuliko changu. Utanisamehe nikikosea.

Sitakuandikia habari za kufuli la sanduku, wala za kutoshuka ovyo basi likisimama Soroti, wala za kulinda simu. Waya yako, dada yangu huyu asiyechoka, ameshayasema yote mpaka nikayaonea huruma mate yake. Huko Lira kwenye chuo cha ufundi utasoma mambo ya umeme, kitu nisichokijua hata kidogo, na sitajifanya nakijua. Kukuhusu wewe najua kitu kimoja vizuri kuliko mtu yeyote duniani, nacho ni mkojo wako. Cheka ukitaka. Nimeutazama kila asubuhi tangu ukiwa mtoto wa miaka mitano hadi mwaka jana, uliponiambia, "Baba, imetosha."

Na ndiyo sababu jana tulikosana. Wiki hii nimekuwa nikikuona unatoka chumbani asubuhi kope zimejaa, halafu jua likipanda zinashuka. Wewe umesema ni usingizi. Mama yako kwenye simu kutoka Nairobi amesema ni kilio, kwamba msichana anayeondoka kwao lazima alie kidogo. Huenda. Lakini kope hizo niliwahi kuziona, Athieno, na hazikuwa za usingizi wala za kilio. Zilikuwa za figo. Basi nikakuomba kitu kimoja tu, kikombe cha mkojo wa asubuhi, niuchemshe mara moja nione kama utafanya wingu, nijue kama ugonjwa umerudi au haukurudi. Ukasimama pale mlangoni na taulo begani ukaniambia, "Mkojo wangu ni wangu, Baba. Wewe utaona wingu hata kama halipo, halafu utanifungia hapa." Nikakujibu vibaya. Neno nililokutupia silirudii, ulilisikia, na majirani pia walilisikia.

Nimechoka, mwanangu. Si uchovu wa kusimama mbele ya kikaango, huo nimeshauzoea, miguu inauma nami nauma meno tunaendelea. Nimechoka kuogopa. Kama ugonjwa umerudi na wewe uko Lira peke yako, mwili utajaa maji polepole na hakuna atakayejua. Watadhani umenenepa. Kesho asubuhi unapanda basi, na mimi bado sijui. Hilo ndilo ninaloliwaza, na leo sina lingine.

Nasema watadhani umenenepa kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Hii wewe huikumbuki. Mara ya kwanza mashavu yako yalipojaa nilifurahi kama mjinga. Nilikuweka mabegani nikazunguka nawe kwenye maegesho ya malori, nikiwaambia madereva, "Mnaona mtoto anayekula chapati za Okoth?" Wakakubana mashavu, wakacheka, wakanunua. Kumbe nilikuwa nawaonyesha ugonjwa wako. Siku chache baadaye macho yalikuwa hayafunguki, tumbo limekaza, na ukibonyezwa mguuni kidole kinaacha shimo.

Na hapo tena sikwenda hospitali. Nilisema kuna mtu kwao mama yako ametuonea kijicho. Nikakupeleka kwa mzee mmoja huko Mwello, akakuchanja miguuni kwa wembe ili maji yatoke. Na yalitoka kweli! Nilifurahi, nikamshukuru yule mzee kwa mikono miwili. Yale makovu madogo kwenye ugoko wako, ambayo huwa unawaambia wenzako kwamba ni ya mbu, ndiyo hayo. Aliyekuokoa ni mama yako. Alikufunga mgongoni siku ya soko, hakuniuliza, hakuniaga, akaenda nawe hospitali Tororo. Nilipowafuata nilikuwa nimejaa hasira, nikitaka kujua nani kampa ruhusa.

Nilimkuta ndani ya chumba cha maabara, na kijana mwembamba anayeitwa Opio amekishika kikombe cha mkojo wako dirishani. Juu kulikuwa na povu, povu zito lisilotaka kuvunjika. Akachovya kijiti chenye viraka vidogo vya rangi. Kiraka kimoja kilikuwa cha njano, na tukiwa tunakitazama kikageuka kijani, kijani cha majani ya mahindi. Nikamuuliza kwa ukali, "Sasa mkojo unakuambia nini ambacho mimi baba yake sikijui?"

Hakukasirika. Aliniambia mkojo karibu wote ni maji. Ndani yake mna chumvi ambazo mwili umezikataa, na mna urea, ile taka inayobaki mwili ukishamaliza kutumia nyama na maharage. Njano yake inatokana na damu iliyochakaa na kuvunjwavunjwa. "Hivi vyote vina ruhusa ya kutoka," akasema. "Protini haina ruhusa. Protini inashikilia maji ndani ya mishipa. Ikivuja kwenye mkojo, maji yanahama mishipani yanakwenda kukaa usoni na miguuni. Figo za mtoto wako zinavuja, mzee." Nikaelewa, kwa sababu wiki ile ile chujio langu la chai lilikuwa limetoboka na wateja walikuwa wanatema majani. Nikakaa chini pale pale sakafuni. Mama yako angekuwa na haki ya kunisema.

Ukapewa dawa za kunywa kwa wiki nyingi, ukakatazwa chumvi. Opio akanionya kwamba ugonjwa huu una tabia ya kwenda na kurudi, na kwamba mkojo hutangulia kusema kabla uso haujavimba. Upimwe kila asubuhi, ule wa kwanza kabisa baada ya kulala. Vijiti vilikuwa haba, mara vipo mara havipo, kwa hiyo akanifundisha njia ya zamani. Mkojo unatiwa kwenye kichupa kirefu cha kioo, unakiinamisha, unachoma sehemu ya juu peke yake na ya chini inabaki baridi ili ulinganishe. Pakitokea wingu, unadondosha siki. Wingu likiyeyuka, hizo ni chumvi tu, huna la kuogopa. Likibaki, ni protini. Inavyochemka ni kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, na hilo nalo nililielewa upesi.

Shida ni kwamba jiko langu pekee lilikuwa la biashara. Ulikuwa unalala chumba cha nyuma ya kibanda, na asubuhi kabla sijaweka kikaango nilikuwa nakisogeza kile kichupa pembeni ya makaa. Nilidhani hakuna anayeamka saa ile. Kumbe jirani yangu muuza ndizi alikuwa amesimama nyuma yangu, amejishika kiuno.

"Okoth, nini hiyo iko nachemsha?"

"Mkojo wa mtoto," nikajibu, bila kugeuka.

Basi! Mpaka saa sita Busia yote ilikuwa na habari, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Wengine walisema mke wangu amenitia wazimu. Wenye akili zaidi walisema ni dawa ya kuvuta wateja, kwamba natia mkojo wa mtoto asiye na dhambi kwenye unga ndiyo maana chapati zangu zinapendwa. Mteja mmoja alirudi na kipande alichokuwa amekiuma akaniwekea mezani. Nikashika mpini wa kusukumia chapati, namtafuta yule muuza ndizi, na watu wanakimbia huku wanacheka. Mwenyekiti wa kijiji akaja kusuluhisha. Nilimweleza yote kuhusu figo na protini, akasikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema, "Sawa. Chemsha wangu, mimi naona na macho yangu." Akaingia nyuma ya kibanda, akatoka na kopo. Ukachemka, ukabaki safi kabisa, hauna hata ukungu. Mzee alifurahi mno! Alizunguka stendi nzima akitangaza kwamba mkojo wake ni safi, na kwa siku kadhaa hakuna aliyepumzika na habari hiyo. Wateja wengine walirudi, wengine mpaka leo wakipita kwangu wanashika pua.

Nacheka nikiandika, lakini siku ile sikucheka. Nilipofunga jioni nilikuja nikakupigia kelele wewe, uliyekuwa umelala na dawa tumboni, kwamba umeniharibia kazi. Ulikuwa mtoto mdogo, hukuelewa kelele ni za nini, ukaniomba msamaha.

Chumvi nayo tuliiacha sote, ili usijione peke yako. Mama yako alipika maharage bila chumvi miaka mingi, tukayala kwa adabu. Alipopata kazi Nairobi nikaendelea mimi, na wewe ukawa unaniambia mapishi yangu hata kwa chumvi yasingeokoka.

Sasa nifike kwenye lile la siki, kwa sababu jana ulilitaja bila kulitaja. Ulikuwa darasa la sita. Ulikuwa umekaa muda mrefu bila ugonjwa, dawa zimesimamishwa, uso wako umerudi kuwa wako. Asubuhi moja nikachoma, nikaona wingu. Siki ilikuwa imeisha nyumbani. Duka lilikuwa hatua chache tu, Athieno, ningekwenda nikarudi makaa hayajapoa. Sikwenda. Moyo ulikuwa umeshanidunda, nimeshaona miguu yako imejaa, nimeshaona jeneza. Nikakurudishia dawa siku ile ile, zile zilizokuwa zimebaki, na kila asubuhi niliona wingu na kila asubuhi nilisema siki ya nini, si naliona.

Muhula mzima ulikunywa dawa hizo. Mashavu yakajaa kwa dawa, si kwa ugonjwa. Wenzako wakakuita Mandazi, na kwa kuwa baba yako anauza chapati, jina likawakolea midomoni. Ulikuwa unarudi shuleni kwa njia ya nyuma ya maghala ili wasikuone. Mwisho wa muhula nikakupeleka kwa Opio, akachovya kijiti, kikabaki njano. Akachovya kingine, njano. Akaniuliza taratibu, "Mzee, ulitia siki?" Nikatikisa kichwa. "Lilikuwa wingu la chumvi," akasema, na akanikanya kwamba dawa hizo hazianzwi wala haziachwi bila musawo, daktari mwenyewe, kujua. Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi, unatusikia. Ulinitazama mara moja tu, halafu ukatazama nje.

Jana uliposema nitaona wingu hata kama halipo, nilijua unatoa wapi. Una haki. Nimefikiri sana juu ya muhula ule, na ninachoweza kukuambia ni kwamba hofu ilinifanya mvivu. Watu wanadhani mtu anayeogopa ndiye mwangalifu. Mimi nilipoogopa ndipo nilipoacha kuangalia. Nilikuwa nimeshapata jibu na sikutaka siki iniondolee.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza kunitilia chai. Usikatae! Ulikuwa unachukua chai ya rangi kutoka birika langu, unaizimua kwa maji, unanipa kikombe na uso wa malaika. Siku ya kwanza niliitia kwenye kichupa, nikachoma, na harufu ya tangawizi ikajaa chumba. Nikaita kwa sauti yote, "Athieno! Mkojo wako umeungwa!" Nilitaka nikuchape. Nikakuta umejificha nyuma ya pazia unacheka mpaka unalia, na mimi nikavunjika mbavu pale pale na kichupa mkononi. Muhula ule wote nilikuwa sijakusikia ukicheka. Ukaenda ukaleta wa kweli, ulikuwa safi.

Na lile la mwisho lilikuwa la aibu kwako kuliko kwangu, kwa hiyo nalipitia haraka. Ulikuwa umekua na mimi nilikuwa sijaona. Asubuhi ile kikombe kilikuwa chekundu. Damu, nikasema, figo zimepasuka. Nikakubeba kwenye bodaboda na gauni la kulalia, ukinivuta shati, ukijaribu kuniambia kitu, nami nakuambia nyamaza usijichoshe. Hospitali nikaanza kupiga makelele kwenye foleni, mwanangu anakojoa damu, nipisheni! Watu wakatupisha. Nesi akakuchukua pembeni, mkazungumza kidogo, akarudi akaninong'oneza, lakini mnong'ono wa nesi yule uliwafikia wote kwenye benchi: "Baba, nenda nyumbani. Msichana wako amekuwa mkubwa. Mtafutie shangazi."

Hukusema nami kwa wiki nzima. Waya yako ndiye aliyekuja kutoka Mella akakaa nasi, na tangu hapo hajaondoka. Mimi ningepaswa kuona tangu zamani kwamba mtoto niliyekuwa namchungulia kikombeni kila asubuhi ana mambo yake ambayo si ya baba. Sikuona. Nilikuwa namjua sana ndani ya kichupa, na nje ya kichupa nilikuwa nampita mlangoni.

Basi sasa nikuambie nilichofanya leo asubuhi. Ulipotoka kwenda Mukuju uliacha ndoo ya usiku chumbani, waya yako alikuwa bado hajaimwaga. Nikaingia. Nilikuwa nimekiosha kichupa, nimewasha mshumaa, siki iko mezani, imejaa, mpya. Nikachota. Nikakaa na mkojo wako mkononi, nao una joto la chumba tu, una povu kidogo ambalo laweza kuwa la kumiminwa na laweza kuwa la kitu kingine. Dakika moja ningejua. Ningejua, ningefunga mlango, ningekaa na tiketi yako mfukoni, ungelia, ungenichukia, ungekuwa hai hapa ninapokuona.

Nikaumwaga. Nikamwaga na ndoo, nikaisuuza. Usidhani ni wema. Nilimlaani kila mtu aliyevumbua haki ya mtoto kukataa. Lakini ulikuwa umeshaniambia ni wako. Ningeupima, hata kama ungekuwa safi, nisingekuwa na namna ya kukuambia nimejuaje. Na ungekuwa na wingu, ningekuzuia kwa kitu nilichoiba.

Kichupa na siki nitavitia kwenye sanduku lako, ndani ya soksi. Mishumaa huko ipo. Sikuambii kila asubuhi. Nakuomba tu, siku ukiamka kope zikiwa nzito, usiogope kama mimi na usijifiche kama mimi. Choma, tia siki, tazama mpaka mwisho. Halafu mtafute

Nimeacha hapo kwa sababu umerudi. Sasa umeingia kuoga na mimi naendelea.

Umeingia na kuku wa nyanya yako kwapani, hai, sijui mzee yule anadhani utasafirije naye mpaka Lira. Ukamfunga mguu kwenye kiti. Halafu ukakiona kichupa mezani, na mshumaa, na siki. Nikadhani vita vya jana vinaanza tena.

"Uliupima, Baba?"

"Hapana. Nilichota, nikamwaga."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Ukavuta kiti ukakaa karibu nami, ukanuka moshi wa jikoni Mukuju. Ukasema, "Wingu liko."

Sikuelewa. Nikauliza wingu gani.

"Liko, Baba. Nimejipima tangu Jumatatu, waya akienda kanisani. Usiniulize kama nilitia siki. Nilitia. Halikuondoka. Jumatano sikwenda Tororo kutafuta viatu, nilikwenda kwa Opio. Kijiti kikawa kijani. Musawo ameniona, dawa nimeanza, na amepiga simu hospitali ya Lira, wananingojea wiki kesho. Amesema naweza kwenda, mradi nisiache dawa na nisikose kliniki."

Wiki nzima! Wiki nzima nimekaa nakuangalia kope kumbe dawa umeshaanza kumeza. Nilikuwa na hasira, nakuambia ukweli, hasira ya mtu aliyefichwa ndani ya nyumba yake. Na nilikuwa na hofu, ile ile, imerudi imekaa mahali pake. Na pia nilikuwa na kitu kingine ambacho nilikitambua polepole, kwamba yote ambayo ningefanya mimi ulikuwa umeshayafanya, na uliyafanya bila kelele, bila mpini wa chapati, bila kumbeba mtu na gauni la kulalia. Nilikuwa najivunia wewe mpaka kifua kinauma.

Nikafungua mdomo. Ulijua nataka kusema nini, kwa sababu ulinishika mkono, ukaubana.

"Baba, usiniambie nibaki. Tafadhali. Juu ukiniambia, mimi nitabaki."

Halafu ukachukua taulo ukatoka.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani hapa mezani. Ningefurahi kama ungesema hutanisikiliza. Hilo ningelijibu, ningepiga meza. Lakini umeniambia ukweli, kwamba neno langu moja linatosha. Unaumwa, uso wako utajaa tena kwa dawa, huko hakuna anayekujua, na mimi ninalo hapa mdomoni neno la kukuweka kitandani kwako, nikuone kila asubuhi. Ni neno fupi. Waya yako angelisema. Mama yako akijua kesho atanipigia simu akiniuliza kwa nini sikulisema, na sitakuwa na jibu atakalolipenda.

Barua hii naiweka chini kabisa ya nguo zako, utaikuta ukishafika. Hata humo siliandiki neno lile, maana nakujua, ungegeuza basi.

Nasikia maji yanamwagika bafuni. Unapiga mluzi. Nimekutazama miaka yote hii, mama, na leo ndiyo mara ya kwanza napewa habari ya mkojo wako na wewe mwenyewe. Nakupenda. Nenda ukasome umeme wako.

Nimefika chini ya karatasi na sijakuambia.

Baba yako,
Okoth